Wali wa Bi Mwanasha

Shangazi yangu,

Nimeanza barua hii mara tatu na kuichana mara tatu, kwa sababu mkono wangu umezoea kuandika "natumaini u mzima", na wewe umelala pale nyuma ya kanisa, hii ni wiki ya tano. Basi leo sikuulizi hali. Nitakueleza yangu tu, maana kusema siwezi. Unanijua. Mtu akinitazama machoni, maneno yote yanarudi tumboni.

Baba amerudi kwenye kazi yake ya kukata miwa. Matokeo yangu ya darasa la saba yamekuja: nimepita, lakini nafasi ya sekondari sikupata. Nilibeba ile karatasi mpaka mlangoni kwako ndipo nikakumbuka kuwa hakuna wa kumwonyesha. Kitanda chako bado kipo. Kanga zako nimezikunja na sijampa mtu.

Darasa lako la Jumapili nimepewa mimi. Najua ungefurahi. Mimi sina furaha, Shangazi. Nina kinyaa. Nimekaa nacho mwezi mzima, nakula nacho, na kimeanza kunifanya nijichukie mwenyewe. Ngoja nikueleze kilichotokea siku ya pili ya matanga yako.

Jikoni kwetu moto haukuwashwa, kama ilivyo desturi. Waliofiwa hawapiki. Na nani alitupikia? Si watu wa kanisa. Wao walikuja na nyimbo. Aliyepika ni Bi Mwanasha, jirani yako, yule yule aliyekunywesha uji kwa kijiko mwezi mzima wakati kifua kilipokubana. Aliingia uani yeye na binti yake, kila mmoja na sinia kichwani, limefunikwa kawa. Wali wa nazi na mchuzi wa samaki changu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi na kwa kulia. Alisema, "Haya wanangu, kuleni, mpate nguvu za kulia. Nimemwombea dua dada yangu nikiwa juu ya chungu hiki hiki." Akawaona wazee wa kanisa wamekaa barazani, akainamisha kichwa kwa heshima, akaondoka.

Watoto wako wa darasa walikuwa wameketi mkekani. Walikuwa wameshanawa. Mikono yao ilikuwa inachuruzika maji, wameinyoosha mbele kama ulivyowafundisha, wakingoja.

Mzee Zakaria, mmoja wa wale wazee wa barazani, akasimama. Dakika chache kabla alikuwa ameomba sala ndefu, akimshukuru Mungu kwa Uhuru na kwa kutufanya sote taifa moja, mpaka nikadhani atataja na rangi za bendera. Sasa akafunua kawa kwa ncha ya kidole, akachungulia ule wali, akafunika tena kama mtu aliyeona kitu kilichooza. Akasema, "Chakula kilichosomewa dua hakiliwi kwenye matanga ya mtumishi wa Bwana. Binti, kamwage."

Binti ni mimi.

Akina mama waliokuwepo wakatazama chini. Baba akajikuna goti. Nilibeba sinia la kwanza mpaka kwenye migomba, nikalimwaga. Nikarudi kuchukua la pili. Josefu, mmoja wa wale watoto, alinifuata, akaniuliza, "Yote, dada?" Nikamjibu, "Yote." Harufu ya nazi ikanipanda puani na nilikuwa sijala tangu jana yake.

Watoto walikula mihogo ya kuchemsha ya jana, mikavu. Mzee Zakaria alikwenda kula kwake. Akarudi alasiri akichokonoa meno kwa njiti, akatuimbisha wimbo wa upendo.

Shangazi, sitaki kumsingizia mtu ubaya, na ulinikataza kuwasema wakubwa. Lakini ile njiti siisahau. Kila akisimama kusoma Neno naiona mdomoni mwake.

Jioni nilisugua masinia kwa mchanga nikayarudisha. Bi Mwanasha alinipokea kwa mikono miwili. "Mmekula, wanangu? Mmeshiba?" Nami nikasema, "Tumekula, Bibi. Tumeshiba. Asante sana." Nilisema vizuri kabisa, bila kigugumizi. Mimi ambaye siwezi kuomba chumvi dukani bila kugugumia! Yeye akaitikia, "Alhamdulillahi," akayaweka masinia ukutani.

Jumapili iliyofuata nikapewa darasa. Mzee Zakaria alisema, "Wewe si unajua kusoma? Wafundishe kumpenda Mungu na kumpenda jirani. Somo rahisi hilo." Nikasimama mbele ya wale kumi na wanne. Nikafanya kama ulivyokuwa ukifanya. Sikuwauliza aya. Niliwauliza swali lako: "Wiki hii umemfanyia nini, nani?" Nikawakumbusha na sharti lako, kwamba si mama, si baba, si mtu wa kanisani.

Unakumbuka mara ya kwanza ulipouliza swali hilo? Mimi nilikuwa na miaka minane nikasema nimemsaidia mbuzi kushuka ukutani. Watoto wakacheka mpaka wakalala chini. Wewe hukucheka. Ulisema, "Mbuzi wa nani?" Nikasema wa Bi Mwanasha. Ukasema, "Basi umemsaidia Bi Mwanasha. Mpigieni makofi." Ndiyo siku nilipoelewa kuwa Mungu anaweza kupendwa hata na mtu mwenye haya, asiyeweza kuimba mbele za watu.

Safari hii Josefu alinyanyua mkono wa kwanza. Akasema mtoto wa jirani yao alimpa kaimati, lile donge tamu la sukari, naye akaitupa chini mbele yake, akamwambia, "Imesomewa hii." Alisimulia kwa majivuno, kifua mbele. Na watoto wakampigia makofi, Shangazi. Makofi yale yale yako.

Nikauliza, sauti hata mimi sikuisikia vizuri, "Jirani ni nani?" Kadzo, yule mdogo kuliko wote, akasema, "Ni mtu wa kanisani." Nikamwuliza, "Na Bi Mwanasha je?" Akanishangaa. Akasema, "Yule si jirani, dada. Angekuwa jirani usingemwaga."

Hakuwa na ubaya. Alikuwa akinijibu kama mtoto anayejibu hesabu aliyofundishwa, na aliyemfundisha ni mimi. Miaka yako yote ya kuwatuma wawili wawili kumtekea huyu maji na kumfagilia yule uwanja, mimi niliifuta kwa masinia mawili, bila hata kufungua kinywa. Niliwaambia darasa limekwisha. Nikaenda nyuma ya kanisa nikatapika, mbali kidogo na kaburi lako. Unisamehe.

Siku ya tatu yake nilikwenda kwa Bi Mwanasha. Nilipita mlangoni kwake mara mbili kama mtu aliyepoteza kitu njiani. Mara ya tatu akaniita mwenyewe. "We mtoto, unanipimia kiwanja? Ingia." Nikasema shikamoo, akasema marahaba, nikakaa, nikatazama miguu yangu. Nikamwambia yote. Kawa, migomba, mihogo, uongo wangu wa kushiba.

Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Najua." Nikainua kichwa. Akasema, "Kuku wangu walirudi jioni ile na wali mpaka kwenye kucha. Nikawaambia, karibuni, Wakristo wangu, mmekula matanga?" Akacheka, Shangazi, kile kicheko chake cha puani. Nami nikajikuta nacheka. Halafu yeye akaacha ghafla, nami nikabaki nacheka peke yangu, nikaona aibu.

Akasema, "Nilijua ulipokuja na masinia. Nilikuuliza nione kama utaniambia." Hakusema kwa hasira. Heri angesema kwa hasira. Kisha akaniambia neno ambalo limeninyima raha mpaka leo: "Mimi usinililie. Mimi mtu mzima, nimeshatupiwa mengi. Lakini mjukuu wangu alimpa mwenzake kaimati, akaitupa mchangani. Alikuja hapa akaniuliza, bibi, mikono yetu ina nini? Sasa wewe mwalimu, nimjibu nini?"

Nilibusu mkono wake nikaondoka.

Juzi Mzee Zakaria alikuja nyumbani. Aliketi kwenye kiti chako. Alisema yale mambo ya kuwatuma watoto kwa majirani yakome, wasije wakalishwa vitu. Wajifunze aya tu, kwa kuwa mgeni kutoka Mombasa atakuja kuwasikiliza na lazima zitoke kwa sauti moja. Alisema, "Upendo ni wa moyoni, binti, si wa kwenda kufagia nyua za watu." Nami nikasema, "Ndiyo, mzee." Nikamletea chai, akainywa kwa kelele mpaka mwisho. Alipoondoka niliiosha bilauri ile mara mbili, kisha nikajiona sina tofauti naye, mimi pia nasugua kilichoguswa na mwenzangu. Unaona ninavyogeuka?

Ulikuwa ukisema mtoto hasikii unachomfundisha, anakitazama. Sikuwa nikikuamini. Nilidhani unasema hivyo kwa sababu hukupata kusoma sana, nami nilikuwa na vitabu vyangu vya shule. Unisamehe na hilo.

Nikimchukia Mzee Zakaria peke yake itakuwa rahisi mno. Yeye alinyoosha kidole tu. Mikono iliyomwaga ni yangu, na waliotazama ni watoto wako.

Kwa hiyo nakuaga, Shangazi, nami nakuaga kwa ahadi. Kesho ni Jumapili. Mzee Zakaria atakaa benchi la mbele, kama anavyokaa tangu alipoanza kunichunga. Sitawauliza watoto swali lolote. Nitawaambia kwamba mimi, mwalimu wao, nilimwaga chakula cha jirani yetu, nikamdanganya, na kwamba ilikuwa dhambi kwa Mungu na kwake yeye. Nitamwambia Kadzo kuwa alikosea kwa sababu mimi nilikosea kwanza. Kisha nitamwomba Josefu tuongozane, mimi na yeye, mpaka kwa mjukuu wa Bi Mwanasha, tumwambie kwa vinywa vyetu kuwa mikono yake haina kitu.

Naogopa. Na bado ni Jumamosi mchana. Pengine sauti itatoka nyembamba, pengine nitalia katikati. Mzee atasimama, atasema "Binti, keti," na darasa atalichukua.

Alichukue. Watoto watakuwa wameshasikia.

Mtoto wako,
Damari