Juu ya Paa la Kituo

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Shangazi anasema sasa unafika hadi uani bila fimbo, tena umeanza kumfundisha kupika chai, nasi tukajua kweli umepona. Huku tu wazima. Mama hajambo, mimi sijambo, hata mlinzi wetu hajambo, ila bado analala akiwa amesimama.

Ningekupigia simu, lakini nakujua, ungenikatiza kabla sijafika katikati. Barua haikatizwi, kwa hiyo kaa vizuri.

Baba, mafuta yaliisha. Si kwetu tu, nchi nzima. Redioni walisema kuna ugomvi huko mbali, kwenye njia ya meli, na meli iliyokuwa ituletee mafuta imegeuza. Tangi letu la chini likakauka. Nikafunga pampu kwa mnyororo, nikakaa kwenye kiti chako nikiwaangalia watu wakija na madumu na kuondoka nayo matupu. Dereva wa teksi, yule tunayemwita Domo, alisukuma gari lake mpaka hapa akifoka: “Yaani wagombane watu wasionijua, halafu mimi ndiye nisukume gari!” Tulicheka, lakini kicheko hakikudumu. Mwokaji mikate alizima jenereta yake. Hata mimi niliogopa, nikaona utarudi ukute kituo kimekuwa malisho ya mbuzi.

Sasa vuta pumzi. Kuna paneli za umeme wa jua juu ya paa la kituo. Najua ulisema huo ni mchezo wa watoto, na kwamba fundi atakayepanda paa lako utamshusha kwa mawe. Lakini fundi alikuja wakati hatuna cha kupoteza. Akapanda, akafunga paneli alizoazima kutoka chuo cha ufundi, akateremsha nyaya hadi stoo ya oili na kupanga betri. Kesho yake zikaja kuchaji zile pikipiki za umeme ambazo wewe huziita mashine za kunyolea.

Mchana huo mkunga wa zahanati alitujia mbio, viatu mkononi. Mke wa mwokaji alikuwa ameshikwa na uchungu nyumbani kwake kilimani, na gari la zahanati halikuwa na tone. Fundi akachomoa waya wa pikipiki moja, akamwambia mwenye pikipiki ampakie mkunga waende. Wakapanda kilima kimya kimya kama wezi. Jioni tukapata habari: mtoto wa kike, mnene, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Mwokaji alifurahi mpaka akahamishia mashine yake ya kukandia unga kwenye stoo yetu. Sasa kituo chako kinanukia mkate, Baba, na watu hawataki kuondoka.

Fundi huyo anasifiwa kila kona. Domo anasema angepewa wizara. Lakini nilipomwomba akuandikie mwenyewe alikataa, eti anakuogopa, yeye anayetembea juu ya paa kama yuko sebuleni. Baba, fundi ni Mama. Ile kwaya yake ya kila Jumamosi haina wimbo hata mmoja. Ni darasa la umeme pale chuoni, na amemaliza akiwa wa kwanza, mwenye umri mkubwa kuliko mwalimu wake.

Nilimuuliza kwa nini alikuficha. Akasema umetulea kwa mafuta hayo, hakutaka udhani anayadharau. Kisha akasema, bisibisi mkononi, kwamba haoni sababu ya nchi nzima kusubiri meli wakati jua linatuchoma bure.

Juzi mafuta yalifika, na pampu zinafanya kazi. Paneli hatujazishusha. Mama anasema tangi la chini ni lako, paa ni lake, na katikati mtakutana kwa chakula.

Msalimie Shangazi na wote wa hapo. Mama naye anakusalimu sana, na anaomba ukija umletee kofia pana, maana huko juu kunaunguza. Ukishuka kwenye basi tutakuangalia mikono kwanza. Tukiiona kofia, tutakuwa tumepata jibu lako.

Ni mimi binti yako,
mtunza kituo