Nilibadilisha maharage ya binti yangu kabatini

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla binti yangu hajatolewa kwenye klabu ya sayansi kwa kosa langu mimi. Mimi ni kinyozi, binti yangu yuko darasa la saba, na muhula huu klabu yao ilimpa kila mmoja jaribio la kufanya nyumbani, yeye akapanda maharage kwenye makopo mawili, moja akaliweka dirishani, jingine akalifungia gizani kabatini, chini ya mashati yangu, na kila jioni anapima kwa rula na kuandika daftarini, sasa wiki ya pili nikafungua kabati kutafuta shati nikakuta mche wa mle ndani umekuwa wa njano, mwembamba kama uzi, umelala, huruma ikanishika, nikaotesha maharage mengine kazini, kwenye rafu ya taulo karibu na dirisha, nikawa nambadilishia kimya kimya.

Siku moja akaniuliza, "Baba, mmea unaweza kufupika sentimita mbili?"

Nikamwambia, "Labda umechoka."

Akaandika.

Basi mtihani ukaja, swali likasema mimea huhitaji mwanga ili kustawi, kweli au si kweli, akajibu si kweli, tena akachora pembeni jedwali la vipimo vyake, akakosa, akabishana na mwalimu mbele ya darasa zima, na mwalimu, ambaye alikuwa akimsifu kwamba tangu aingie klabu anauliza maswali ya maana hata kwenye hisabati, sasa anasema akiri kuwa alitunga zile namba, la sivyo atoke. Juzi tukila nikamshauri akiri tu yaishe. Akaweka kijiko chini.

"Baba, unataka nidanganye ili nionekane mkweli?"

Mama yake, ambaye hajui lolote, akanigeukia. "Umemsikia mwanao?"

Nimemsikia. Nifanyeje?

Kinyozi

*

Bwana kinyozi,

Pole, ila si sana. Binti yako aliona mmea umefupika, hakuelewa, na bado akaandika alichokiona. Watu wazima wengi wangeifuta namba hiyo. Klabu imemfundisha vizuri. Aliyeharibu ni wewe. Ule mche wa njano ulikuwa unamjibu swali lake, ukauondoa kabla hajalisikia jibu. Kisha ukamtaka atubu dhambi yako. Hapo umenichosha.

Usingoje wakati mzuri, haupo. Leo akitoka shule mwambie, mama yake akiwepo: "Mimi ndiye niliyebadilisha." Usianze na habari za upendo, hakuna aliyekuuliza hilo. Kesho chelewa kufungua kazi, nenda naye kwa mwalimu, useme wewe, yeye akae. Omba arudie jaribio, na ufunguo wa kabati akae nao yeye. Mashati yatundike msumarini. Ile alama aliyokosa msiidai. Jibu sahihi la mtihani limebaki lile lile.

Atakununia. Usimnunulie kitu. Akikuuliza kwa nini ulifanya vile, mjibu. Akikuuliza tena wiki ijayo, mjibu tena, na majibu yafanane.