Zoezi la Saba

Lovech, 14 Machi

Dada yangu mpendwa Zlatka,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini goti limepata nafuu na kwamba umekubali kutembea na fimbo bila ubishi. Mimi ni mzima wa mwili, ila upweke unanimaliza. Siku hizi nakula nikiwa nimesimama, maana nikiketi nakiona kiti cha shemeji yako Genadi.

Umeuliza kama ni kweli uliyoyasikia. Ni kweli. Kila siku saa kumi jioni, saa za mchana ambazo jengo letu hukataza kelele zikiisha, natoa saksafoni ya marehemu na kupuliza. Nedyalka wa ghorofa ya chini alipanda kuniuliza kama sina haya, tangazo la msiba lenye picha ya mume wangu bado liko mlangoni, miezi sita haijatimia, nami napiga muziki. Nikamwambia huu si muziki, ni mazoezi. Akasema hilo halina ubishi, ng'ombe wa kaka yake analia vizuri zaidi. Nilicheka, Zlatka, mara ya kwanza tangu Oktoba. Kisha nikafunga mlango nikalia.

Kitabu chake cha mazoezi ni cha wanaoanza: shikilia noti moja, hesabu mpaka nane, pumzika, rudia. Mwanzoni nilipofika tano pumzi ilikatika na midomo iliwaka. Ndivyo alivyoanza Genadi alipostaafu, nami nikawa namwambia ataniua kwa honi yake.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata kasisi sijamwambia. Unakumbuka kile kipande cha kupulizia kilichopotea? Nilikificha mimi, ndani ya chombo cha maharage. Nilitaka wiki moja tu ya kimya. Alipekua nyumba nzima, mwishowe akasema uzee umemwingia, anasahau anapoweka vitu. Nikamwacha aamini hivyo. Basi akawa anakaa jikoni na saksafoni isiyo na mdomo, anabonyeza vitufe tu, akihesabu kimoyomoyo, kwa sababu, alisema, angalau vidole visisahau. Nilipanga kumrudishia Jumapili. Alifariki Alhamisi.

Kando ya zoezi la saba ameandika kwa penseli kwamba vidole viko tayari, bado pumzi. Nimeapa nitalipuliza kwa niaba yake, kisha niirudishe saksafoni kabatini. Mimi niko kwenye la nne. Nalimudu tangu wiki tatu zilizopita, lakini kila jioni nafungua ukurasa uleule.

Usinijibu kuhusu hilo. Niandikie tu goti linaendeleaje, na unibusie wajukuu.

Mdogo wako,
Stoyanka