Mechi Kumi na Moja Nilizobebwa

Jumamosi, katikati ya Julai, Ngaramtoni. Baridi ya kukunja vidole. Mlima haujaonekana tangu Jumatano na manyunyu hayaishi. Umeme upo tangu asubuhi, leo mgao umetuhurumia, na ningekuwa na akili ningepiga pasi nguo zangu zote za kazi za wiki.

Sikupiga pasi. Nimeshinda nikimwonea wivu mwanamke wa watu.

Wacha niandike yote leo, nisije nikajidanganya kesho. Naandikia hapa nyumbani, nitaipandisha kwenye blogu Jumatatu nikifika mjini, na si kwenye zile kompyuta za intaneti za dukani kwa mume wangu, maana huyo ninayemsema ndiye anayekaa kaunta. Nitamwita Rukia. Si jina lake.

Kwanza barua. Ndani ya droo asubuhi kulikuwa na barua yangu ya kuacha kazi, nimeshaisaini, inasubiri hiyo hiyo Jumatatu. Miaka sita nafundisha hisabati sekondari. Siku hizi kila mwenye uwanja na mabati anafungua shule yake ya Kiingereza, na magari yanajaa watoto wenye soksi nyeupe, nikasema kwa nini si mimi? Nifungue chekechea. Nyumba ya kupanga nimeshaipata, pale karibu na mnada. Nilipomwambia Baba Glory, yaani mume wangu, hakufikiri hata dakika moja. "Itakwenda vizuri sana, Mama Glory. Hakuna wa kukushinda wewe."

Nikaamini. Mtu niliyemchapa mara kumi na moja mfululizo, nilijua anajua anachosema.

Mnaosoma hapa mnaujua mchezo wetu, nimeuandika mpaka nimewachosha. Kwa mgeni: ni mchezo wa kompyuta wa kujenga dola kwa zamu. Unachagua taifa, unapewa kipande cha ardhi na watu wachache, unajenga miji. Wewe ukimaliza zamu yako unampisha mwenzako. Sisi tuna kompyuta moja tu, mtumba aliouunga Baba Glory mwenyewe, kwa hiyo mimi nacheza zamu yangu nikimaliza kusahihisha madaftari, yeye anacheza akimaliza kula. Mechi moja inakula mwezi mzima.

Na kila taifa linakuja na upendeleo wake. Wamisri wanavuna kuliko wengine. Wamongolia wamezaliwa juu ya farasi. Warumi barabara. Halafu kuna ardhi yenyewe: huyu anaangukia penye mto na ngano, yule anaangukia kwenye mawe matupu. Chuma ndicho kila kitu. Ukiwa na mlima wa chuma, una panga. Ukikosa, utapigana na mishale mpaka siku ya mwisho.

Mimi ni Mmisri siku zote. Na kwa bahati yangu, mto ulikuwapo siku zote, na chuma kilikuwa jirani siku zote, na farasi walikuwa wanakula majani nyuma ya mji wangu mkuu. Nikaita hiyo akili. Jamani, si niliwaandikia hapa somo zima la jinsi ya kuisoma ardhi mapema? Si kuna dada mmoja aliniandikia kutoka Mwanza kunishukuru? Nilivimba kichwa. Staff room yote inajua kwamba mwalimu wa hisabati anamchapa fundi kompyuta kwenye kompyuta.

Basi. Rukia anafanya kazi na Baba Glory pale dukani mjini. Kwao ni Kaloleni, watu wa biashara tangu babu yao. Ana mume wake, ana watoto wawili, sambusa zake nimezila kwa mdomo wangu huu na nikaomba nyingine. Sina ubaya naye. Tangu Mei, wateja wakipungua, yeye na Baba Glory nao wanacheza mchezo ule ule, mechi yao wenyewe.

Na siku hizi mume wangu akirudi, kabla hajavua viatu: "Leo Rukia kanifanyia kitu kibaya!" Anacheka. Eti kavuka ghuba na meli nne akachukua mji mchana kweupe. Anaeleza huku anachora ramani mezani kwa kidole cha mchuzi, anacheka mpaka anafuta macho. Mimi nikimshinda anasema, "Hongera mama," anazima mashine, anakwenda kulala.

Roho iliniuma, nasema kweli. Nikajijengea picha nzima: anampa chuma. Mchezo unaruhusu, unaweza kumpa mwenzako mali bure, chuma au farasi au dhahabu, kila zamu, bila yeye kukulipa chochote. Kwenye mambo ya kawaida sikuona kosa lolote, simu yake haina siri, harufu yake ni ya solda ya kuunganishia nyaya na vumbi. Lakini niliona kwamba kama kuna kitu, kitakuwa hapo, kwenye chuma.

Leo asubuhi amemchukua mtoto wetu Glory wakaenda Kikwe kwa mama yake kusaidia kupura maharage. Flash yake ameiacha juu ya kompyuta. Mechi yao imo humo, aliileta jana ili aifikirie zamu yake kwa utulivu.

Nilifagia kwanza. Nikaosha vyombo. Nikafagia tena. Halafu nikaichomeka.

Nikaenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa mapatano. Hakuna. Chuma, hakuna. Farasi, hakuna. Hata ngano ya kumwonjesha, hakuna. Nikafungua ramani, na nikabaki nimeshika mdomo. Rukia amepewa nchi ya mawe, mto haupo, na mlima wa chuma pekee wa upande ule mume wangu kauzungushia askari asiupate. Amemchomea miji mitatu. Mitatu! Naye Rukia kwa mishale na meli zake za mbao kamnyang'anya miwili. Hakuna kuhurumiana hata kidogo.

Asante Yesu, nilisema kwa sauti, peke yangu sebuleni. Nikacheka.

Ningeichomoa hapo hapo ningekuwa mke mwenye furaha. Lakini mimi mwalimu, nikiona daftari nalimaliza hadi ukurasa wa mwisho. Nikafungua mipangilio ya mechi. Kuna mahali panapoonyesha kila mchezaji amewekwa kiwango gani cha ugumu. Sikuwahi kupafungua, mechi zetu huwa anaziandaa yeye. Yeye: mfalme. Rukia: mfalme. Sawa kwa sawa.

Nikafungua na ya kwetu. Sijui kwa nini. Najua kwa nini.

Baba Glory: mfalme. Mimi: kiwango cha kwanza kabisa, cha mtu ambaye ndio kwanza anashika kipanya. Chini yake orodha ya nilichokuwa napewa. Chakula cha ziada kila mji. Kila uvumbuzi kwa nusu ya gharama. Askari wangu wanapigana na nguvu ya kuongezewa. Majambazi wa porini hawanigusi, wanapita kando wanakwenda kuchoma mashamba ya mume wangu. Na ramani yenyewe kaipanga kwa mkono wake, mto kaulaza hapo, chuma kakitupa hapo, farasi kawafungia hapo nyuma ya mji.

Nikafungua mechi zote za nyuma zilizohifadhiwa. Zote.

Kumi na moja kwa kumi na moja. Hebu fikiria, mwalimu wa hisabati! Watu wawili wanaolingana, mmoja ashinde mara kumi na moja bila kukosa: moja kati ya elfu mbili na arobaini na nane. Hesabu hiyo nawapa kidato cha nne wanaifanya kwa dakika mbili. Mimi sikuifanya kwa miaka miwili, kwa sababu jibu lake nilikuwa silitaki. Nimebebwa. Nimebebwa kwa mbeleko, mgongoni, na huko mgongoni nikawa nawafundisha wengine kutembea.

Ndipo wivu wenyewe ukanishika, ule wa asubuhi ulikuwa mzaha. Nilikaa pale nikatazama ile miji mitatu ya Rukia iliyoungua, moshi bado unachorwa juu yake, nikatamani iwe yangu. Mume wangu amemnyima chuma Rukia kwa sababu anaamini Rukia anaweza kumshinda. Mimi kanijazia mapaja chuma. Amemheshimu mwenzangu, mimi kanibembeleza.

Sikujua kama mtu anaweza kumwonea wivu aliyenyimwa. Anaweza.

Wamerudi saa tisa, Glory amelala begani, suruali ya baba yake imejaa makapi. Mashine nilikuwa sijaizima. Aliiona kabla hajaniona mimi.

"Kwa nini?" nikamuuliza. Sikupayuka. Nadhani hilo ndilo lililomtisha.

"Mama Glory, ile mechi ya kwanza kabisa nilikushinda. Unaikumbuka?"

Naikumbuka. Siihesabu, ila naikumbuka. Sikumsemesha siku tatu. Siku ya pili nilipika loshoro, yaani mahindi na maziwa mgando, ya watu wawili, mimi na Glory, na yeye akarudi kazini akakuta sufuria imeoshwa, imekauka, imefunikwa. Kwa sababu ya mchezo wa kompyuta. Sijawahi kuliandika hilo hapa, na nililiruka makusudi.

"Nikaona bora amani," akasema.

Kulikuwa na kitu kimoja nilichokuwa nimeshakijua tangu saa nne asubuhi, na nikakitoa. "Na shule? Uliposema itakwenda vizuri, hakuna wa kunishinda. Hapo uliniweka kiwango gani?"

Alimlaza Glory kwenye kochi. Akamfunika na kitenge, akakinyoosha pembe zote nne.

"Cha chini," akasema.

Nilijua. Bado nilihisi kama nimekosa ngazi gizani.

Nikamwambia aseme sasa, aseme kama anamwambia Rukia. Akaanza polepole. Ile nyumba iko mnadani, siku za mnada ng'ombe wanapita mlangoni, malori, walevi, ni mama gani atampitisha hapo mtoto wa miaka minne? Maji hakuna, kisima kiko ng'ambo ya barabara ya Nairobi. Na ukiacha kazi kabla hujapata hata watoto kumi walioandikishwa, umeuza panga kabla hujanunua jembe. Yote hayo nilikuwa nayavumilia. Halafu akasema, huku anaangalia sakafu, "Na wewe unawafundisha vizuri sana wanaojua kushindana. Mtoto akikosea mara tatu sauti yako inapanda. Hata Glory anakuja kuniuliza mimi."

Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, mabega juu, anasubiri nilipuke.

Mume wangu ananiogopa.

Mtu mpole, fundi, anayevumilia hata wateja wanaorudisha kompyuta walizozimwagia chai wenyewe, ananiogopa mimi. Kwa Rukia anacheka kwa sababu kwa Rukia haogopi. Ndicho alicho nacho yule dada na mimi sina. Si chuma wala farasi. Na hakuna aliyeninyima, nimejinyima kwa kununa.

Nilikwenda jikoni. Siku tatu zangu za kimya zilikuwa tayari kifuani, naijua njia yake, nilishaanza hata kuchagua sufuria ndogo. Nikasimama pale mpaka chai ikachemka ikamwagikia jiko. Nikarudi na vikombe viwili.

"Hujamaliza," nikamwambia. "Endelea."

Aliniangalia kwanza kuona kama ni mtego. Halafu akaendelea. Nikaitoa ile barua, nikaigeuza, nikaandika nyuma yake kila alilosema. Yamefika tisa. Matano ni ya kweli, mawili nabishana nayo, mawili yananiuma kiasi kwamba sijui bado. Jumatatu naingia darasani. Wazo la chekechea sijaliacha, ila nyumba ya mnadani imekwisha. Na ananipeleka kwa dada yake mwenye watoto wanne wadogo, nikakae nao wiki moja ya likizo nione kama nitapandisha sauti.

Baadaye nilimwambia aanzishe mechi mpya. Mfalme kwa mfalme, na ramani aipange mashine yenyewe. Nimeangukia jangwani. Mto uko mbali, chuma kiko kwake, farasi sijawaona. Saa kumi na mbili kasoro amenichomea mji wa kwanza, ule niliompa jina la Glory, na hakuomba radhi.

Nililia kidogo, chooni, nimefungulia bomba lijaze ndoo ili nisisikike. Kisha nikanawa, nikatoka, nikacheza zamu yangu.

Sasa ni saa moja na dakika kumi jioni. Yeye anamlisha mtoto, mimi naandika, na imepita saa moja na robo tangu anichomee mji. Bado sijanuna.