Namba 212

Mjukuu wangu Nekesa,

Pokea salamu za Kitale. Shangazi yako ametoka hospitali kule Lugulu, magoti yangu ni yale yale, na mahindi yamekauka kabla ya kubeba. Tunamshukuru Mungu hivyo hivyo.

Umeuliza kama ile kesi mliyopewa kwa darasa la sheria, yenye jina letu, ni yangu. Ndiyo. Jina la kwanza ni langu, mimi niliyekata rufaa. La pili ni la shemeji yangu. Kisha kuna mwaka, kitabu, na namba 212.

Nilikuwa mjane mdogo, nikimdai shemeji shamba la babu yako la Kachibora. Wakili alinitumia maneno hayo kwa kikaratasi, bila maelezo, nami nikakimbia ofisi ya ardhi nionyeshwe ploti namba 212. Nilidhani korti imenipa. Karani alikisoma, akaweka kalamu chini. "Pole, mama. Hii si namba ya shamba. Ni ukurasa wa kitabu cha kesi."

Nikashuka hadi Bungoma, kortini, nikasomewa huo ukurasa. Rufaa ilikuwa imetupwa.

Usiogope zile namba, mama. Ukiwa nazo utaufikia ukurasa wangu popote ulipo, hata mimi nikiwa nimekufa. Lakini babu yako amelala kwa lile shamba la Kachibora, nyuma ya geti la watu. Kaburi lake halina namba, na mimi siruhusiwi kuingia.

Ni mimi kukhu wako, mama ya baba yako.