Fungua Nione

Mwalimu Barasa,

Nimeyapata majina yote. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, ungekuwa hapa hata salamu usingeipokea kabla ya kuuliza.

Nakuandikia kutoka Kawangware, kwa shangazi yangu. Saiba yetu ya Sarang'ombe haipo tena. Kompyuta zote nne zilibebwa na waporaji wiki ile mwili wako ulipokuwa bado unangoja barabara ya magharibi ifunguliwe, ukazikwe kwenu. Walibeba hata kile kiti chako kilichovunjika mguu, na hilo ndilo lililonikasirisha kuliko yote. Nani ana kazi na kiti kile?

Lakini tovuti yetu haikuwa ndani ya mashine zile. Ulinieleza mara nyingi hadi nikachoka: tovuti inakaa kwenye seva ya kampuni, mbali, sisi tunaichungulia tu. Kwa hiyo tovuti yetu, Tunatafutana, ilikuwa bado hai. Watu waliendelea kuandika humo majina ya waliowapoteza tangu fujo za uchaguzi zianze, na wengine wakaandika waliyemwona na walimwona wapi. Kisha kampuni ikatuma ujumbe. Muda wa akaunti unaisha Ijumaa, na baada ya hapo kila kitu kitafutwa. Nikawaandikia kwamba mwenye akaunti amefariki, naomba niendelee nayo mimi. Wakanijibu kwa adabu kabisa kwamba wanahitaji idhini ya mwenyewe, iliyotiwa sahihi. Nilicheka, Mwalimu. Nilicheka, kisha nikalia, pale pale kwenye saiba ya watu, mbele ya wateja.

Nilikuwa na siku tatu, na neno la siri ambalo ulinikataza kuliandika popote, kwa hiyo lilikuwa kichwani.

Mwenye saiba hiyo anaitwa Njoroge. Nilimweleza ninachotaka kufanya, nikamtajia tovuti. Alinivutia kiti. "Cuzo wangu pia yuko huko," akasema. "We kaa tu hapo hadi umalize."

Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, ambalo wateja wetu walikuwa wakilidhania ni kompyuta imeharibika. Vidole vilijua njia. Nikaingia kwenye seva, nikaifunga folda nzima kuwa furushi moja kwa amri ya tar, kama ulivyonifundisha, nikaanza kulivuta. Laini ikakatika katikati. Nikaanza upya, ikakatika tena. Nilikuwa natumia scp, najua, najua. Ulishaniambia laini za huku haziwezi. Nikabadilisha, nikatumia rsync, ambayo hata laini ikikatika inaendelea pale ilipoishia, na Jumatano saa nane mchana furushi likaingia lote.

Nikasimama, nikajinyoosha. Nilikuwa nimeshaagiza chai kwa mama wa mandazi. Hapo ndipo nilipokusikia.

Unakumbuka mwezi wangu wa kwanza? Nilikuwa nikikuletea flashi huku najivuna, nasema nimemaliza, na wewe hata huigusi. Ulikuwa unaivuta chai yangu upande wako wa meza na kusema, "Usiniambie umecopy. Fungua nione." Hadi niifungue nakala ile kwenye mashine nyingine, nitafute jina moja na lionekane, chai yangu ilikuwa inapoa mikononi mwako. Siku moja nilikununia toka asubuhi hadi tukafunga. Nilidhani unanionea kwa sababu mimi ni msichana wa Machakos nisiyejua kitu.

Basi nikamwambia mama aiweke chai. Nikalifungua furushi kwenye mashine ya pili ya Njoroge, ambayo nilikuwa nimeiwekea programu za kuendesha tovuti. Ukurasa ukaja mzuri, na rangi zake, na lile bango ulilolichora vibaya. Nikatafuta jina. Likaja kosa. Nikatafuta jingine, kosa lile lile. Nilikuwa nimeokoa nyumba bila watu wake. Majina hayakai kwenye kurasa, yanakaa kwenye hifadhidata, na hifadhidata ina amri yake, mysqldump, ambayo sikuwa nimeipiga. Kama ningekunywa ile chai, ningeenda nyumbani nikiwa na furaha.

Alhamisi stima zikapotea. Nilikaa mbele ya kioo cheusi tangu asubuhi hadi saa saba, nikijilaani. Ziliporudi nilipiga amri hiyo moja. Faili lilitoka dogo mno. Watu wote wale, wepesi kuliko picha moja ya bango lako. Nikalivuta, nikaliingiza, nikafungua.

Njoroge akaja kusimama nyuma yangu. Tukamtafuta binamu yake kwanza. Yuko, na shati lake la kijani, kama alivyoandikwa. Njoroge akaitikia kwa kichwa, akarudi kwa wateja. Kisha nikaandika jina lako.

"Barasa, fundi kompyuta. Alitoka Sarang'ombe asubuhi kwenda Makina kumwangalia dada yake. Anatafutwa."

Niliyaandika mimi maneno hayo, siku ya pili baada ya wewe kutorudi, mkeo Nekesa akiwa amesimama begani kwangu. Tulikupata chumba cha maiti siku ya tisa, na hakuna aliyekumbuka kurudi kwenye tovuti. Wiki zote hizi, Mwalimu. Wiki zote hizi umekaa humo kama mtu anayeweza kurudi, na nafikiri sehemu fulani ya moyo wangu ilikuwa inaomba iwe hivyo. Nililia sana. Kisha nikafuta neno moja, nikaandika: "Amepatikana. Amezikwa kwao."

Chai niliinywa baada ya hapo, baridi.

Sasa Tunatafutana iko kwenye seva nyingine, kwa jina langu na la Nekesa, ili mmoja akiondoka mwingine asiombwe sahihi ya marehemu. Kila Ijumaa nitainakili na nitaifungua, kabla sijatia chochote mdomoni. Jina la kwanza nitakalotafuta ni la binamu ya Njoroge, hadi naye mstari wake ubadilike, kisha nitaenda kwa anayefuata. Nakuahidi.

Wewe pumzika, Mwalimu. Wewe hutafutwi tena.

Mwanafunzi wako,
Nduku