Aliyesimama wa Kumi na Mbili

Kebirigo, 4 Februari 2024

Mwanangu Lavender,

Hujambo huko Mosocho? Wanafunzi wako wa hesabu hawajakumaliza? Sisi wazima, ila goti la baba yako linalalamika kuliko mwenyewe.

Nimeshindwa tena, mara ya tatu! Kamati ya kituo chetu cha majani chai ina viti vitano, na kila kiti tunainua mikono upya. Tuko sitini: thelathini na tisa wa mlimani, ishirini na mmoja wa bondeni ukimhesabu baba yako, ambaye mimi simhesabu. Basi wao huchukua vyote, na lori hutufikia mwisho majani yameshaungua mifukoni. Baba yako alimwinulia mkono kakake Ongeri wa mlimani, nami nimekaa hapo kando yake!

Bondeni tumegoma. Afisa wa ushirika amekubali uchaguzi urudiwe Aprili tukileta njia ya haki. Itafute wewe, uiandike kwa Kiswahili, yeye si wa huku.

Mama yako

Mosocho, 11 Februari 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo, na pole sana. Mimi niko salama. Mpe Baba salamu, hata kama humhesabu.

Pangeni foleni, kila mtu nyuma ya mgombea mmoja tu. Anayefikisha kumi na mmoja, yeye mwenyewe akiwemo, amepita. Watano wakiwa na kumi na mmoja kila mmoja, hao ni hamsini na watano. Hakuna wa sita atakayewafikia. Waliozidi wahamie kwa chaguo lao la pili, kura yao isipotee. Viti vikibaki, vinakwenda kwa foleni ndefu zaidi. Bondeni mnaweza kupata viwili, kwa hiyo jirani yenu Abner naye agombee.

Ila Mama, ukipita usiwang'ang'anie watu. Nakujua.

Binti yako

Kebirigo, 28 Aprili 2024

Mwanangu,

U mzima? Usidhani nilikusahau. Wazee wa mlimani walibishana na karatasi yako wiki nane!

Jumatano tulipanga foleni. Wa bondeni wote walijaa nyuma yangu, Abner amebaki peke yake kama mgeni. Nikawasihi, wanane wakahama shingo upande, akawa na tisa. Manasseh wa mlimani naye tisa, wenzake watatu wana foleni ndefu kuliko yake, na kiti kilichobaki ni kimoja.

Hapo baba yako akatoka kwenye foleni ya Ongeri. Mbele ya kakake! Akaja polepole na goti lake, akasimama nyuma yangu, wa kumi na mbili. Lavender, miaka ishirini na tisa ya ndoa sijawahi kumwona upande wangu hadharani. Nilitaka kulia.

Afisa akasema, "Mama, huyo amezidi."

Nikageuka. "Baba Lavender, nenda kwa Abner."

"Lakini ndio nimefika!"

"Nenda."

Akaenda akinung'unika. Abner akawa na kumi, akamzidi Manasseh kwa mmoja, akapita. Sasa tuko wawili kwenye kamati, na tumekubaliana lori lianzie bondeni siku tatu kwa wiki. Nina furaha mpaka naona aibu.

Nyumbani nilimchinjia kuku nimtulize. Alikula, akanawa mikono, akasema, "Uchaguzi ujao nitafika mapema."

Mama yako, Nyanchera